Gauni la Kulalia Mbele ya Mgeni

Kila asubuhi mama yangu huenda dukani na gauni la kulalia. Hujifunga khanga moja kiunoni, nyingine anaitupia mabegani, anavaa kandambili na kwenda zake. Hurudi na sukari, na habari zote za mtaa wetu wa Cheyo zilizotokea tangu jua lilipozama. Wenzake huwakuta palepale dukani, kila mmoja na gauni lake: la maua, la mtumba lenye picha ya dubu, lile lililokuwa jekundu zamani. Wanasimama, wanacheka, wanaulizana hali za watoto. Hakuna anayemtazama mwenzake kuanzia juu hadi chini.

Sheria yao haijaandikwa popote lakini mtaa mzima unaijua. Khanga ni lazima, na mwisho ni barabara ya lami. Ukionekana umevuka lami na gauni la kulalia, watu wanaanza kuuliza nyumbani kwenu kuna mgonjwa gani. Wanaume wana yao. Mzee jirani yetu, fundi wa baiskeli, akitoka msikitini alfajiri huvua kanzu, akajifunga msuli na kukaa nje na redio yake mpaka jua liwe kali, na sijasikia mtu akimuuliza kitu.

Mimi siwezi. Hata kwenda kununua kiberiti lazima nioge, nipige pasi, nijitazame kwenye kioo, nirudi kujitazama tena. Nasema hivi bila kujisifu, maana si usafi, ni woga. Nilijifundisha kushona mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kufumua nguo za mitumba ili nione zimeungwaje, na mtu aliyejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Kwa hiyo kwangu haitoshi. Nimewahi kufumua pindo la mteja baada ya yeye mwenyewe kuniambia limenyooka. Cha ajabu, nashona hadi zile seti za pajama ambazo wasichana huzivaa mchana kweupe mjini, suruali na shati la kitambaa kimoja, mtindo uliotufikia kutoka Dar. Wakija kujaribu nawaambia wamependeza, na kweli wanapendeza. Mwenyewe sijawahi kutoka nayo hata uani.

Sasa, gauni ambalo Mama analipenda kuliko yote ndilo nguo ya kwanza niliyoshona maishani. Kola imepinda kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, na si kwa kidogo. Nilimwomba alifanye dekio. Akaniambia dekio analo.

Mwaka jana kijana mmoja wa Kaliua, ambaye tulikuwa tumekwisha kubaliana kuoana, aliniambia kwamba kabla kwao hawajaleta posa, shangazi yake atakuja kutuona. Alinieleza taratibu, kama daktari anayeeleza ugonjwa. Kwao shangazi huyo akikubali, wazee wanakubali. Akikataa, mambo yanaishia hapo. Kaka yake mkubwa aliwahi kupenda msichana wa Urambo, shangazi akaenda, akanywa maji, akarudi, na huyo msichana hakutajwa tena nyumbani kwao. Shangazi angefika kwetu Alhamisi mchana, kwa basi.

Nilijiandaa kama mtu anayesubiri mtihani. Nilifua mapazia. Nilimshonea Mama gauni la kitenge na kulitundika msumarini chumbani kwake, ili akitoka dukani asipate kisingizio. Glasi nilizifuta mpaka zikawa zinalia. Baba alikuwa shamba, huko Igalula, kwa hiyo mzigo wote wa kuonekana watu wa maana ulikuwa wetu wawili, na mimi nilikwisha kuupanga dakika kwa dakika.

Shangazi alikuja asubuhi. Alikuja kwa treni.

Nilisikia hodi, nikachungulia dirishani. Mwanamke mrefu, kitenge kipya, kikapu cha mchele kwa mkono mmoja na kuku aliyefungwa miguu kwa mkono mwingine. Mbele yake alikuwa Mama, ameinama anafagia, nywele zimesukwa mabutu, na mwilini lile gauni. Niliomba ardhi ipasuke, na haikupasuka.

Mama aliweka fagio chini, akaenda kumpokea. "Shikamoo, dada," akasema. "Marahaba," akajibiwa. Kisha wakahamia Kinyamwezi, mwangaluka, mwangaluka, na zile salamu ndefu za kuulizia mvua, mifugo na kila aliye hai. Mama alimpokea yule kuku, akamsifu uzito wake, akamleta mgeni kivulini. Nilimtazama kwa makini muda wote huo. Hakujiangalia gauni hata mara moja. Hakuvuta khanga kujiziba, hakusema samahani umenikuta hivi. Alikuwa mtu aliyepata mgeni, basi.

Mimi niliwasha pasi. Nilipiga pasi gauni ambalo nilikuwa nimekwisha lipiga pasi jana yake. Nikalivaa, nikaliona limenibana, nikavaa jingine. Nikapaka poda, nikaifuta, nikapaka kidogo. Huko nje nilisikia vikombe, kisha kicheko cha mtu nisiyemjua, kisha kimya cha watu wanaotafuna. Nilipojiona nafaa kuonekana, walikuwa wamekwisha kunywa chai ya asali na kula matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo nilikuwa nimemkataza Mama asimpe mgeni kwa sababu ni chakula cha kijijini. Shangazi alikuwa amevua viatu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakuli la karanga mapajani, anamsaidia Mama kubangua.

Nikapiga magoti kumwamkia. Mama alikuwa amenyunyiza maji uani kutuliza vumbi, na mimi kwa haraka yangu nilichagua mahali palipolowa. Nikahisi tope likipita kwenye kitambaa.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akasema, akitazama goti langu. "Kumbe upo. Mimi nilidhani umesafiri."

Mama alicheka. Mimi nilijaribu kucheka.

Mama alipoingia jikoni nilimfuata nikamnong'oneza kwamba gauni la kitenge liko msumarini, akabadilishe upesi, mimi nitakaa na mgeni. Nilimwambia hata kama hajali nafsi yake, anijali mimi, maana gauni lile limeshonwa na mimi, na yule mama kaambiwa na mpwa wake kwamba mimi ni fundi. Mama aliendelea kutafuta kifuniko cha sufuria.

"Mgeni ameshaniona," akasema. "Nikibadilisha sasa, ni kama namwambia arudi stesheni, aje aanze kuniona upya."

Nilidhani hapo ndipo mambo yalipofika mwisho wa ubaya, lakini Mama alikumbuka nyama. Bucha letu liko ng'ambo ya lami, na nyama nzuri huisha mapema. Mtu mwingine angenituma mimi. Mama alimwambia shangazi, dada twende ukachague mwenyewe, na wakatoka, mimi nyuma yao nimebeba kikapu kitupu na goti lenye tope.

Nilikuwa na matumaini kwamba tukifika barabarani atasimama. Alisimama kweli, akaangalia kulia na kushoto kama kuna gari, akavuka. Gauni la kulalia, khanga, kandambili, mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi, mchana umekwisha kuwa mchana. Upande wa pili mama muuza mboga aliacha kupanga nyanya zake.

"Mama, kwema? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa," Mama akamjibu. "Kuna mkwe."

Nilitaka kufa. Posa haijaja, hata neno halijasemwa, na yeye amekwisha kutangaza sokoni. Nilimtazama shangazi kwa pembeni. Alijifunga upya kitenge chake, polepole. Buchani nako kijana mkata nyama alimuuliza Mama kama leo ameamua kutuonyesha nguo za chumbani. Mama alimwambia yeye amevaa gauni la usiku na kazi zake za asubuhi zimekwisha, wakati kijana amevaa koti jeupe la mchana na kisu chake bado kimelala, hebu akinoe kwanza. Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akanoa kisu. Shangazi alichagua nyama ya paja, akaigeuzageuza, na alipotaka kufungua pochi Mama alimshika mkono.

Tuliporudi, Mama alibandika nyama na kuendelea na maongezi. Sufuria ilipochemka na kutaka kumwagika, aliuvuta ule mkono mrefu wa gauni mpaka ukafunika vidole, akaishika nao sufuria, akaiepua. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama anavyofanya kila siku. Mimi sikuwahi kuliona hilo. Siku zote nilikuwa natazama mshono.

Shangazi aliliona. Akauliza nani kashona gauni hilo. Mama akanionyesha kwa kidevu, akasema ni huyu, na ndilo la kwanza.

"Mkono mmoja umezidi," shangazi akasema.

"Huo wa sufuria," Mama akajibu.

Shangazi hakucheka. Alinyanyua pindo la gauni la Mama, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Nilijua kila kosa ambalo kidole kile kilikuwa kinalipita. Kisha akaliachia, akanigeukia mimi.

"Nikwambie kweli, mwanangu," akasema. "Ulipokaa mle ndani muda wote ule, moyo wangu ulianza kurudi Kaliua. Kwetu watu wengi. Mgeni anashuka na treni saa yoyote, ana njaa. Nikawaza, huyu atakuwa anavaa."

Na kweli nilikuwa navaa.

"Bado nimekaa kwa sababu ya huyu," akasema, akimwonyesha Mama. Kisha akapiga mwayo, akasema hajalala tangu jana, atapumzika kidogo, na akiamka tutaongea.

Mama alimpeleka chumbani kwake. Nilimsikia akifungua sanduku na kumpa kitu cha kulalia, moja ya yale magauni mapya niliyomshonea mwenyewe na ambayo huwa anayatunza kwa ajili ya wageni. Mlango ukafungwa. Nilikaa uani nikachambua mchele wa Kaliua ambao haukuwa na hata punje moja ya kutoa. Nilimfikiria yule msichana wa Urambo, kama naye alikuwa anachambua kitu wakati shangazi anaamua.

Nilimtazama Mama akikata vitunguu. Miaka yote nilidhani hajali, kwamba yeye ni mtu wa kutojali anavyoonekana. Siku ile niliona kwamba anajali sana, ila anajali kitu kingine. Tangu hodi ilipogongwa alikuwa anamtazama mgeni: kama ana njaa, kama viatu vinambana, kama amekaa juani. Hakubaki na macho ya kujitazama. Mimi macho yangu yote nilikuwa nimeyatumia kwenye kioo. Najifundisha vitu vingi kwenye simu, lakini hicho sijakiona popote, na sijui mtu anaanzia wapi kukifanyia mazoezi.

Jua lilipolegea, mlango wa chumba ulifunguliwa. Shangazi alitoka na gauni la kulalia, lile la kijani nililolishonea lastiki kiwikoni, khanga ya Mama kiunoni. Nilisimama nimletee maji ya kuoga abadilishe. Akanipita. Akapita sebule, akafungua mlango wa mbele, na kukaa kwenye baraza yetu inayotazama barabara, miguu ameinyoosha. Akaniita nimletee chai. Mama alikwenda kukaa naye. Mzee wa baiskeli akapita na msuli wake, wakamwamkia wote wawili. Wakapita wanafunzi, wakapita watu wa kwaya wanaokwenda mazoezini, na kila aliyepita aliwakuta wamama wawili wamevaa nguo za kulalia kweupe, wanagombana kuhusu bei ya asali.

Nilipoleta chai, Mama alikuwa anamuuliza kwa nini hakuja na basi kama tulivyoambiwa. Mimi tayari nilikuwa na jibu langu: alikuja asubuhi makusudi, atukute jinsi tulivyo. Shangazi alisema basi lilijaa.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikampigia simu yule kijana wa Kaliua. Aliuliza kabla sijasalimia. Shangazi amesemaje? Nikamwambia hajasema kitu bado, amelala, ameamka, amekaa nje na gauni la kulalia.

Akauliza ni nje ipi, uani au barabarani.

"Barabarani," nikasema.

Akacheka taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo, akaniambia niulize nyumbani kwetu wageni wa posa wangapi wanaweza kulala.