Ng'ombe wa Kumi na Tano

Jumanne, tarehe 17 Februari 1981. Saa nne asubuhi. Mawingu mazito, mvua hakuna.

Ng'ombe waliingia darasani.

Sitanii. Fahali mweusi alitangulia kuingiza kichwa mlangoni. Akanusa ubao, kisha akaangusha samadi mbele ya afisa aliyekuwa akitueleza maana ya mtaji.

"Huo sasa ndio mtaji," alisema Swaleh.

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilimtambua yule fahali. Nilikuwa nimemtoa mahari.

Darasa lenyewe lilikuwa karakana moja ya Bomani, Tarime mjini. Tulikuwa askari tuliorudi kutoka vita vya Uganda tukiwa pungufu. Swaleh, mtoto wa wafanyabiashara wa pale pale mjini, alirudi na jicho moja. Mimi, Nikodemo, mguu wa kushoto niliuacha kwenye bomu la ardhini. Niliacha na kitu kingine ambacho daktari hakukiona. Tangu siku ile, habari njema na habari mbaya ziliniingia kwa uzito mmoja.

Serikali ilitupa mafunzo ya kuanzisha miradi. Asubuhi afisa alifundisha bei, soko na faida, ingawa alituonya kwamba hadharani tuseme "ziada", maana faida ni neno la mabepari. Mchana tulijifunza kazi za mikono. Vyerehani vilikuwa vichache, vikapata wenyewe. Mimi na Swaleh tuliangukia uhunzi.

Swaleh hakujali. "Kwetu mhunzi ni fundi kama fundi mwingine."

Kwetu Wakurya haikuwa hivyo. Wahunzi, abaturi, walikuwa watu wa pembeni. Jembe lao tulilima nalo. Binti yao hatukumwoa, na wetu hatukuwapa. Aliyeshika nyundo yao alihesabiwa mmoja wao.

Nami nilikuwa nimemposa Gati wa kijiji cha Ringwani. Ng'ombe kumi na wanne walikwisha kufika kwao. Harusi ilingoja mavuno.

Hatari niliijua. Lakini mguu mmoja haufuati plau wala haufukuzani na ng'ombe malishoni. Nyundo inataka mkono, na mikono ninayo. Nikaishika, na hata asubuhi somoni sikuiachia.

Nyuma ya ng'ombe aliingia mzee Simioni, baba yake Gati. Alikuwa ametembea siku mbili. Desturi ilimtaka awarudishe ng'ombe nyumbani kwetu. Yeye aliwaleta mbele ya watu.

"Shikamoo, mzee."

"Sikuja kuamkiwa. Mura, kijana wewe, hicho mkononi ni kitu gani?"

"Nyundo."

"Ya nani?"

"Yangu. Nimepewa na serikali."

"Na serikali itakuzalia watoto?"

Watu walikwisha kujaa mlangoni. Mwalimu wetu wa uhunzi, mzee Heche, aliyezaliwa katika ukoo huo wa wahunzi, aliendelea kuvukuta moto wa somo la mchana. Maneno hayo aliyasikia tangu utotoni.

"Iweke chini," Simioni aliniambia. "Useme mbele ya hawa kwamba umeiacha. Ng'ombe nitarudi nao, na Gati ni wako. Ukiiokota, huna mke Ringwani."

Niliiweka chini.

"Nikodemo, usikubali!" Swaleh alifoka.

Nilitafuta ndani yangu hasira, huzuni, hata aibu. Sikupata kitu. Ikabidi niamue kwa akili peke yake. Nikimwoa Gati bila kazi, yeye ndiye angenilisha, mpaka siku ya kunichoka.

"Nisamehe, mzee. Kulima siwezi. Kuomba sitaki."

Simioni akanijia. Nyundo ilikuwa imelala sakafuni kati yetu, nami nilingoja airuke.

Aliizunguka.

Siku ya kwanza kabisa Heche alikuwa ametuambia kwamba mtoto wa mhunzi haruki nyundo iliyolala, hata akikimbizwa na chui. Huizunguka. Sisi wengine tulikuwa bado tunairuka, naye bado anatukemea.

Heche aliacha kuvukuta. Akamtazama Simioni, kisha akaurudia moto wake.

Simioni akajua kwamba tumeona. Aliniinamia sikioni.

"Moto huu niliuacha nikiwa kijana kama wewe. Operesheni ya vijiji ilipotuchanganya kule Ringwani, nikataja ukoo mwingine. Wanangu wameoa. Leo nikiwa na mkwe mhunzi, watu wataanza kuuliza tulikotoka. Na wewe uliyezaliwa nje ya moto huu unaingia kwa mguu wako mwenyewe?"

"Ndio huu uliobaki, mzee."

Alinitazama. Kisha akageuka, akapaza sauti.

"Ng'ombe wake hao! Asitokee mtu wa kusema Simioni ana mkwe mhunzi!"

Akaenda zake. Nikaokota nyundo.

"Umekosa mke, umepata zizi," Swaleh alisema.

Jioni tuliwahesabu ng'ombe zizini kwa mjomba wangu. Walikuwa kumi na watano. Aliyezidi alikuwa mtamba mwekundu, ambaye sikuwahi kumwona.

"Mzee kakosea hesabu," Swaleh alisema.

"Mkurya hakosei hesabu ya ng'ombe," alisema Heche.

Jumatatu iliyofuata Gati alisimama mlangoni mwa karakana, vumbi hadi magotini.

"Nimekuja kumtafuta ng'ombe wangu."

"Yupi?"

"Mtamba mwekundu. Tata, mzee wangu, alinipa tangu akiwa ndama. Sasa ananiambia amepotelea njia ya Tarime. Akasema, 'Mfuate. Usipompata, rudi. Ukimpata, usirudi kuniambia.'"

"Unajua kazi ninayofanya?"

"Ameniambia yote. Yako na yake."

Nilipaswa kufurahi. Nilisogea kwenye benchi, akakaa. Alitazama majembe yaliyopangwa ukutani.

"Haya mnayauza wapi?"

"Afisa!" Swaleh aliita. "Umepata mwanafunzi mpya!"

Mzee Simioni sasa amelala, na wanawe wameniruhusu kusimulia. Unayesoma, usimpime mzazi kwa sauti anayoitoa mbele ya watu. Hesabu kwanza ng'ombe aliowaacha.

Afisa alizoa samadi, akaendelea na somo la mtaji.

Swaleh alifungua duka la vyuma Bomani.

Heche alipewa kundi jingine la askari, akalikemea vilevile.

Gati aliuza majembe gulioni Tarime, na neno "faida" alilitamka kwa sauti.

Mimi nilifua vyuma.

Simioni hakukanyaga kwetu mpaka alipokufa. Lakini kila masika alituma majembe yaliyovunjika ili niyaunge. Niliyachunguza. Yalikuwa yamevunjwa kwa nyundo, palepale ambapo mhunzi anajua yataungika.