Siku baba alipojikuta ukutani, amechorwa amelala

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Hii siyo chai, sijatunga. Ni mambo ya kwetu Suji, milimani Upareni, katikati ya miaka ya themanini. Aliyekuwepo atanisahihisha.

Vijana, enzi hizo sabuni ilipangiwa foleni. Duka la kijiji rafu tupu, muuzaji anapiga miayo. Daftari tuliandika mpaka kwenye jalada. Rangi za kuchorea? Labda uziote ndotoni.

Mdogo wangu Nakijwa alikuwa darasa la tatu. Mpole, lakini mbishi jamani!

Kipindi cha sanaa, mwalimu anachora chungu ubaoni, mnanakili. Chungu chako kisipofanana na chake, fimbo. Nakijwa akachora chungu kinachemka, mvuke unatoka, na mkono wa mama umeshika mwiko. Akachapwa mbele ya wenzake.

Kesho yake akagoma kwenda shule. Akapelekwa kwa nguvu, akatoroka. Akarudishwa, akatoroka tena. Baba akasema akirudia anapelekwa kwa shangazi kule Kwakoa akachunge mbuzi, shule ndiyo basi. Na baba hakuwa mtu wa utani kwenye mambo hayo. Mama analia jikoni, mimi wa darasa la sita namfuata Nakijwa nyuma njia nzima asichepuke.

Bahati nzuri akahamia mwalimu mpya, Mwalimu Zaituni, binti wa manamba, vibarua wa mkataba, aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare.

Huyu hakuchora kitu ubaoni. Aliwatuma watoto walete udongo mwekundu, majivu, mkaa, na majani ya maboga wayatwange. Akawaonyesha ukuta wa nyuma wa darasa.

"Choreni mlichokiona kwa macho yenu. Mimi natazama tu."

Aisee, ile kelele! Nilichungulia dirishani nikamwona Nakijwa ana matope mpaka masikioni, anacheka. Tangu achapwe alikuwa hajacheka pale shuleni.

Mwenyekiti wa kamati ya shule kuuona ukuta, akawaka. Shule imechafuliwa! Akaitisha msaragambo, watu waje kupaka chokaa.

Kwa wasioujua, msaragambo ni kazi ya pamoja ya sisi Wapare. Likilia baragumu mnatoka wote. Mtegaji anatozwa faini, na aibu yake inamfikia hadi ukweni.

Jioni Nakijwa akaniambia, "Kaka, wakiufuta mimi sirudi." Nikajua huyo ameshakwenda kwa mbuzi.

Siku ikafika. Baba akashika brashi wa kwanza, ili awe mfano. Akachovya chokaa, akainua mkono, akaganda.

Ukutani wanaume wako msaragambo, wanachimba mfereji, majembe juu. Pembeni, kivulini, jamaa mmoja amelala chali, kofia usoni. Kofia yenyewe ni ya baba, ile yenye tundu, hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nayo.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Elifuraha, jirani yetu, akapaza sauti:

"Futa basi, shemeji! Ukifuta tutajua ni kweli!"

Hapo mzee hana pa kutokea. Akifuta, amekiri. Akiacha, amelala pale kila mtu anamwona. Akatazama watu, akatazama ukuta, akaweka brashi chini.

"Mwenyekiti, hawa ni watoto bwana. Tuwaache."

Nani angebisha? Chokaa ikaenda kupakwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu.

Nyumbani Nakijwa alijificha nyuma ya mama akisubiri kichapo. Baba akamtazama weee, kisha akasema, "Sasa mbona umenichora miguu mifupi hivyo?" Akaangua kicheko. Habari za Kwakoa hazikusikika tena.

Masika yakaja, mvua ya upepo ikauosha ukuta wote. Mimi iliniuma kweli. Nikamkimbilia Nakijwa nimbembeleze, nikamkuta anachimba udongo huku anaimba.

"Kaka, nafasi imepatikana!"

Wakuu, mimi ndipo nilipoelewa. Picha tunaitaka sisi wakubwa. Mtoto anataka kuchora.

Ruksa ilipokuja na biashara ikafunguliwa, rangi zikajaa madukani, na leo zipo za kila aina. Lakini bado naona mzazi anamfokea mtoto kisa rangi imevuka mstari. Mwache avuke, utapungukiwa nini?

Haya, nawasikiliza. Wewe ulipewa ukuta, au ulipewa fimbo?