Donge Ndani ya Tangi

Pale kiwandani walimwita Mama Picha, na wala hawakuwa wakimsifu. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kinachotendeka ndani ya tangi la marhamu ya ngozi, uji mzito mweupe ambao hata ukiumulika kwa tochi huoni kitu. Alizungushia tangi vitambuzi vya umeme, akaviunga na kompyuta, picha ikatoka. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Picha ilionyesha donge limekaa kitako karibu na ukuta, halisogei ng'o, huku mapanga ya kukorogea yakijizungukia pale katikati.

Mkorogaji mkuu, ambaye pia ni shemeji yake, alifunua kifuniko akachungulia. Ndivyo walivyopima siku zote: uso ukizunguka, kazi imekwisha.

"Shemeji, si unaona inazunguka?"

"Huko juu, shemeji! Mimi nasema ndani!"

"Basi mtambo wako una mafua."

Kilichomuudhi Mama Picha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuamini hivyo. Alibadilisha nyaya, akasugua vitambuzi, akamfokea mumewe nyumbani bila kosa. Donge liko pale pale. Mwishowe meneja akachoka.

"Tunamwaga mzigo wote. Tusipolikuta hilo donge, ung'oe madude yako."

Alikubali. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa kwenye zile nyaya.

Tangi likaachwa tupu. Shemeji akaingiza kichwa kwenye mlango wa kusafishia. Donge lilikuwepo, kubwa kama gunia, limegandamana na ukuta upande ule ule.

"Lo! Shemeji, nimekukosea," alisema kwa sauti ndogo.

Mama Picha alifurahi mno.

Meneja alilitazama donge, akaitazama skrini. "Wakaguzi wanakuja kesho, na tangi litakuwa limejaa tena, donge nalo litarudi. Huwezi kuifanya picha isilionyeshe?"

"Naweza, bosi. Nunua mapanga mapana yanayofika ukutani."

"Hayo mwakani. Haya, vitambuzi vibaki. Ila kesho bandika karatasi kwenye skrini, upande huo wa donge, mpaka wageni waondoke."

Kesho yake asubuhi aliibandika mwenyewe, gundi pande zote nne, machozi ya hasira yakimtoka. Chini ya karatasi, picha ya donge ilionekana wazi kuliko siku zote.