Shairi Lililonitoa Shule

Siku hizi nasikia watu wakisema mtoto wa darasa la kwanza asome hesabu, mashairi yatamchelewesha. Mimi shule nimeionja tu, na nyumba hii ya bati nimeijenga kwa mikorosho yangu, sikubebwa na mtu. Lakini hapo nitabisha.

Enzi za Mwingereza, huku Newala, maji tuliyafuata bondeni, chini kabisa ya mteremko. Ilikuwa kazi ya wanawake. Mama alipoanza kukohoa damu, tuliomba maji kwa majirani mpaka wakachoka. Baba hakuweza kushuka na mtungi kichwani. Angechekwa mpaka huko Kitangari. Mimi nilikuwa bado sijaingia jando, kwa hiyo kichwa changu kiliruhusiwa. Baba akasema shule basi.

Mwalimu wetu alikuwa akitufundisha kutunga mashairi, hata sisi wadogo, tukihesabu mizani kwa vidole. Akaja nyumbani kunitetea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na maji?"

"Nimekuja na mwanao. Msikilize kwanza alichotunga, halafu ndiyo umtoe."

"Haya, tusikie. Labda litajaza mtungi."

Nikasimama kama darasani, mikono nyuma:

*Mama yuko kitandani, mtungi u mlangoni,*
*Ngata ipo ukutani, haina kichwa nyumbani.*

Mwalimu akatabasamu. Nikajua nimeshinda. Baba akainuka, akaitungua ile ngata ya kutegea mtungi, akaniwekea utosini mbele ya mgeni.

"Kichwa si hiki hapa?"

Shule yangu iliishia hapo. Mwalimu akaaga, akaondoka.

Mama alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Nyumba nzima ilikuwa ikimwambia utapona, utapona. Mimi peke yangu, kwa ile ngata isiyo na kichwa, ndimi niliyetamka kwamba hatainuka tena. Niliporudi na maji, shingo imekakamaa, akaniita.

"Mwanangu, hebu rudia yale maneno yako."

Nikarudia.

"Kumbe umeona," akasema.

Kesho yake akayataka tena, na siku zilizofuata, mpaka sauti ya kuniita ikakatika. Habari ya kufa kwake tuliizungumza kwa njia hiyo tu. Nyingine hatukuwa nayo.

Hesabu nilikuja kuzijua sokoni, kwa kupunjwa. Cha kumwambia mama anayekufa nisingekipata sokoni.