Mzee Pokea na Ramani Zilizofika Tupu

Mzee Pokea akikupa kitu, hakuachii mpaka uitike. Iwe bahasha ya siri, iwe kijiko cha sukari, atashika upande wake na kukutazama usoni, nanyi mtabaki hivyo kama watu wanaogombea taulo, mpaka utamke: "Nimepokea." Hapo ndipo vidole vinalegea. Mkewe aliwahi kunisimulia kwamba mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, mkunga alimweka mikononi mwa baba, naye baba akasema "nimepokea" kwa sauti ya ofisini. Alipomrudisha kwa mama yake, akasubiri naye aseme.

"Mwanaume, nimetoka kujifungua sasa hivi!"

"Najua, mke wangu. Sema tu."

Akasema. Na jina likamganda mumewe tangu siku hiyo.

Alikuwa tarishi wa ofisi yetu ya ramani za viwanja kwa miaka ishirini na tisa. Mimi nilikuwa mtunza masjala, ile stoo ya mafaili ambayo kila anayeingia hupiga chafya. Ramani ilitoka kwenye rafu zangu, ikapita mikononi mwake, ikaenda makao makuu, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Kwapani alibeba daftari lenye safu nne alizozichora mwenyewe kwa rula: kilichopelekwa, idadi ya kurasa, aliyepokea, saa. Kurasa alizihesabu mbele ya mpokeaji, akilowesha kidole. Waheshimiwa walikuwa wakimwona anatokea kwenye korido wanajifanya wanaongea na simu.

Kisha ukaja waraka kwamba sasa tunakuwa ofisi isiyo na karatasi. Waraka wenyewe ulikuja kwa nakala nne, kila nakala kurasa kumi na moja, na aliyetuletea ni Mzee Pokea. Alituhesabia. Tukasaini. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba ramani zote sasa zitatumwa kwa programu ya kuhamisha mafaili mtandaoni, na kwa sababu hiyo kazi ya tarishi imefutwa.

"Huu ukurasa umeusoma, Mzee?" nilimuuliza.

"Mimi nabeba, mwanangu, sisomi. Unasemaje?"

Nikamsomea. Aliomba nirudie aya ya mwisho, iliyosema kwamba tarishi yeyote atakayeweza kuhamisha faili kwa programu hiyo mbele ya kamati atabaki kazini, tena kwa cheo kipya cha Afisa Uhamishaji wa Taarifa. Kamati ingekuja baada ya miezi mitatu. Mzee Pokea alikuwa na miaka hamsini na sita, na kazi nyingine hakuwahi kufanya.

Makao makuu wakatuletea Mtaalamu, bwana aliyevaa shingoni kitambulisho cha semina ya mwaka juzi. Alitufundisha kwa asubuhi moja, kipanya akiwa amekishika mwenyewe muda wote. Kioo cha kompyuta kimegawanyika pande mbili, alisema. Kushoto ni kwetu, kulia ni kwao. Unalishika faili la kushoto, unaliburuta hadi kulia, unaliachia. Jina likitokea kulia, mzigo umefika. Kulikuwa na kisanduku chini ya kioo kilichokuwa kikitoa maandishi mekundu. Mkuu wa ofisi akauliza ni nini.

"Hayo ni mashine inaongea na mashine mwenzake, bosi. Hayatuhusu." Akakifunga kile kisanduku.

Basi tukaanza. Ramani iliyokuwa ikimchukua Mzee Pokea nusu siku sasa ilifika kabla hujamaliza kupiga miayo. Mkuu wa ofisi, kwa kuwa hakuamini kitu kisicho na muhuri, aliagiza kila kilichotumwa, picha ya kioo ichapwe kwenye karatasi, isainiwe na watu watatu, igongwe muhuri, itunzwe masjala. Nikapewa rafu mpya. Juu yake nikabandika kibao: Uthibitisho wa Ofisi Isiyo na Karatasi. Mwezi wa pili rafu ikajaa. Makao makuu wakatuandikia barua ya pongezi na kututunuku cheti kama tawi linalotuma kwa kasi kuliko yote. Tukakitundika juu ya birika la chai.

Mafunzo ya Mzee Pokea niliachiwa mimi. Jambo la kwanza lililomshinda ni nywila. Ilikuwa imebandikwa juu ya kompyuta kwa karatasi ya njano, imeandikwa kwa kalamu nene: SIRI.

"Soma hapo, Mzee, uandike."

"Imeandikwa siri. Mimi niisomeje?"

"Kila mtu anaisoma. Hata mama wa chai anaijua."

"Basi mwite mama wa chai."

Nikamwandikia. La pili lilikuwa zito zaidi. Aliburuta ramani ya mtaa wa sokoni, akaiachia upande wa kulia, jina likatokea. Kisha akageukia kushoto, akakunja uso.

"Mbona bado ipo kwetu?"

"Inakwenda nakala, Mzee. Yenyewe inabaki."

"Sasa hapo nimepeleka nini? Kitu nikikipeleka kinakuwa kule, hapa hakipo. Kikiwa kote kuwili, kuna mtu anadanganya."

Kesho yake nikakuta ameanza kufuta kila anachokituma, kwa uaminifu wake. Nilikaa asubuhi nzima nikizitoa ramani kwenye pipa la taka la kompyuta, moja baada ya nyingine, yeye kasimama nyuma yangu akisema pole.

Ili atulie, nilimtafutia kitu anachokijua. Nikamwonyesha kwamba kila upande una safu, kama daftari lake: jina, tarehe, ukubwa. "Huu ukubwa ndio idadi yako ya kurasa," nikamwambia. Nilikuwa najaribu tu kumtuliza. Lakini yeye akavaa miwani, akalowesha kidole, akaanza kushuka na safu ile, kioo kikabaki na alama za mate. Kushoto, milioni nne na kitu. Kulia, sifuri. Kushoto, milioni sita. Kulia, sifuri. Akashuka mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema taratibu, "tumewapelekea bahasha bila barua."

Niliinuka nikaenda kwenye rafu yangu mpya. Zile picha za kioo zilikuwa zinaonyesha kila kitu, miezi mitatu yote. Sifuri ilikuwepo kwenye kila karatasi, upande wa kulia, palepale ambapo muhuri ulipenda kugongwa. Watu watatu walikuwa wamesaini pembeni yake. Nami nilikuwa nimezitoboa matundu na kuzipanga kwa tarehe, kwa namna nilivyofundishwa chuoni. Kumbe ndiyo maana tulikuwa na kasi kuliko matawi yote. Hewa haina uzito.

Kamati ilikuwa inakuja keshokutwa. Nilimvuta Mzee Pokea nyuma ya makabati.

"Sikiliza, Mzee. Siku hiyo buruta tu. Jina litatokea, watapiga makofi, utapata cheo chako. Hayo mengine tutayasema baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baada ya kamati. Sasa hivi nyamaza. Nakuomba."

Alisafisha miwani kwa shati, akatoka.

Kamati ilikuwa na watu watano na mwenyekiti, mama mmoja wa sauti laini. Fomu yake ya mtihani ilikuwa na swali moja: Je, mtahiniwa ameweza kuhamisha faili? Ndiyo. Hapana. Mzee Pokea alikuwa amevaa koti la harusi yake. Akaketi, akaandika ile nywila huku akiifunika kwa mkono wa kushoto, akaburuta ramani ya shule, akaiachia. Jina likatokea kulia. Makofi. Mkuu wa ofisi akanikonyeza.

"Limefika, Mzee?" mwenyekiti akauliza. Kalamu ilishagusa Ndiyo.

Mzee Pokea akasogeza uso kwenye kioo. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Jina limefika, mheshimiwa."

"Vizuri sana."

"Jina. Ramani yenyewe bado ipo kwetu. Kule kuna sifuri."

Mtaalamu akacheka. "Mzee wetu huyu! Utani haumwishi."

"Hebu fungueni kule mwone," Mzee Pokea akasema.

Wakafungua. Ukurasa mweupe pe. Wakafungua ya sokoni: nyeupe. Ya zahanati: nyeupe. Mkuu wa ofisi akasema pengine ni kioo kina matatizo. Wakafungua nyingine kumi na saba, mpaka mwenyekiti akasema kwa upole kwamba ni saa ya chai. Walikunywa chai chini ya kile cheti, kwa muda mrefu kuliko kawaida ya chai. Waliporudi, mwenyekiti akasoma uamuzi: mtahiniwa hakuweza kuhamisha faili.

"Lakini hakuna aliyeweza!" nikajikuta nimesema. "Ofisi nzima, miezi mitatu!"

"Wengine hawakuwa kwenye mtihani, dada," akanijibu.

Kwa kuwa programu ilikuwa bovu na kazi ya tarishi ilishafutwa, ramani ziliwekwa kwenye flashi, na flashi akapewa Mzee Pokea aipeleke kwa miguu yake ileile. Kwenye ripoti hakuitwa mtu. Aliitwa "njia mbadala ya muda". Angeweza kukaa hivyo hata mwaka, maana Mtaalamu alikuwa amezima na kuwasha kompyuta hadi mikono ikamchoka. Lakini siku ya nne Mzee Pokea akaniomba nikifungue kile kisanduku cha maandishi mekundu, nimsomee. Nikamsomea: umeunganishwa, jina limeandikwa, njia ya kupitishia mzigo imekataliwa.

Akamwita Mtaalamu. "Bwana mdogo, hapo ni kama pale makao makuu. Getini mlinzi amekuandika kwenye daftari, ndiyo maana jina lipo. Mlango wa stoo ndio umefungwa. Kaombe wafungue mlango wa stoo."

Mtaalamu akapiga simu. Wakaufungua kwa dakika sita. Ramani ya kwanza ilichukua dakika arobaini kufika, ikiwa na kila mstari wake. Ripoti ilisema tatizo limetatuliwa na Mtaalamu baada ya utafiti wa kina. Mwezi uliofuata tulipata barua ya onyo kwa kushuka kwa kasi ya utumaji. Na Mzee Pokea alipata barua yake ya kuachishwa kazi. Sikuweza kumuaga vizuri. Nilisema nina mafua.

Nilionana naye mara moja tu baada ya hapo, kabla hajahamia kwa binti yake, alikofia. Ilikuwa asubuhi, mlangoni mwa maabara moja ya binafsi, anatoka kwa haraka na sanduku dogo la barafu amelikumbatia kifuani. Nilimzibia njia kabisa. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeyapanga maneno yangu.

"Mzee, siku ile nilikuambia unyamaze. Nimekuwa nikifikiria kwamba—"

"Sogea, mwanangu," akasema, "damu ya watu inapata joto."