Memori Tuliyoitenga Muyinga

Mwanangu, kazi yangu ya kwanza iliokolewa na kipande cha memori nilichokuwa nimeomba ruhusa ya kukiondoa. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana ukisikia hilo peke yake utadhani nilikuwa fundi hodari.

Vita vilikuwa vimeisha nchini kwetu, na amani ilikuwa bado changa. Mimi na mama tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, tukapata kiwanja Mutaho. Kompyuta nilijifunzia kambini, basi ofisi moja ya Gitega iliyotunza rekodi za mashamba ya waliorudi ikaniajiri, ikanipeleka tawi la Muyinga kuangalia seva yake, ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote. Mshahara ule ndio uliokuwa ukipandisha kuta za nyumba ya mama.

Aliyenifundisha ni Mama Zaina, mzaliwa wa Muyinga mjini, kutoka ukoo wa mafundi cherehani. Yeye alikuwa mkuu wa mashine zote za ofisi. Kila seva aliyoiweka, ilipowashwa tu, kabla programu yoyote haijapata chochote, sehemu ya memori ilitengwa. Humo ililala kerneli ya pili, yaani kiini kingine kidogo cha mfumo. Haikufanya kazi yoyote. Ilisubiri kerneli kubwa ianguke, ndipo iamke, iandike kwenye diski yote yaliyokuwa katika memori wakati wa kuanguka, kisha iwashe mashine upya.

Mimi niliona hasara tu. Memori yenyewe haba, na watu waliotoka vilimani wamepanga foleni wakisubiri kurasa zifunguke.

"Mama, tuirudishe ile sehemu," nikamwambia. "Imekaa bure."

Akacheka. "We Mtanzania, kwenu kule kambini mlikuwa mnalala mpaka mlangoni?"

Nilikuwa nimewahi kumsimulia. Nyumba yetu ya kambini ilikuwa ndogo hata nililala nimekunja miguu, lakini kona ya mlango hakuna aliyeruhusiwa kuilalia. Ilikuwa ya mfuko wa mama wa siku ya kukimbia: vyeti, jembe lisilo na mpini, nguo za kubadili. Majirani wengi walikuwa na kona kama hiyo, na hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini.

Kicheko kikamwisha. "Bon, sikiliza. Kerneli ikishaanguka haiwezi tena kukupa nafasi. Iko chini! Nafasi unaikata wakati mashine inawaka, wakati bado iko na akili. Na usikate kidogo sana, hiyo ya pili nayo itakosa pumzi. Donc, usiguse."

Hakuishia hapo. Watu walipokwenda kula, aliniamuru niiangushe seva kwa makusudi, nione kwa macho yangu. Ikaanguka, ikaandika nakala yake, ikasimama tena.

Baada ya muda ikaanza kuanguka yenyewe, mara kwa mara. Watu waliotembea tangu alfajiri wakarudi bila kuhudumiwa. Malalamiko yakafika Gitega, na bosi wetu, tuliyemwita Chef, akaja na gari lake akiwa amefura.

"Nani alimpa huyu mashine?" akauliza, mimi nimesimama hapo hapo. "Wa kambini huyu, anachomoa waya ovyo. Kesho arudi kwao Mutaho!"

Nikaziona kuta za mama zikibaki bila bati.

"Chef, kunywa chai kwanza," akasema Mama Zaina. "Mashine itasema yenyewe."

Akafungua nakala moja baada ya nyingine. Zote zilionyesha mahali pamoja: programu inayoendesha kadi ya mtandao ilikuwa ikiandika kwenye memori isiyo yake na kuiangusha kerneli kubwa.

"Kwa hiyo si kijana?" Chef akauliza.

"Si kijana. Ni ile kadi mpya uliyotuletea mwenyewe, Chef."

Chef alikunywa chai yake yote bila kuinua macho. Nami nilibaki kazini, na nyumba ya Mutaho ikapata bati. Humo nako kona ya mlango mama aliiacha wazi kwa ajili ya mfuko wake, hadi leo.

Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii, tenga nafasi ya kuanguka wakati mashine ingali nzima. Itenge ya kutosha, kisha iangushe mashine mwenyewe uhakikishe, kwa sababu nafasi isiyojaribiwa ni matumaini tu. Na anayekukataza leo kwa ukali, mshukuru kabla hujamhitaji. Mimi nilichelewa kidogo, lakini nilimshukuru Mama Zaina akiwa hai, akanisikia.

Mungu akuwekee mtu kama yeye, wa kukukemea mapema na kusimama upande wako siku ya lawama. Akupe pia kazi ya mikono na nyumba isiyohamwa.

Kadi ile tuliibadilisha. Seva ya Muyinga ilianguka mara moja tu baada ya hapo. Nakala yake ninayo, iliandikwa nzima bila kasoro. Nimeisoma na wenzangu miaka yote hii, na sababu bado hatujaiona.