Upepo Ambao Mwanangu Hakuujaza

Lori lilitakiwa kurudi gereji jioni. Halikurudi. Nilikaa sebuleni na simu mapajani, na kila pikipiki iliyopita nje nilinyanyuka. Mwanangu ni dereva wa lori la watalii, lile lenye viti nyuma na paa la turubai, linaloingia nyikani ambako hakuna nyumba wala mtandao. Huko tairi likipasuka, huna wa kumwita.

Kulipopambazuka, fundi wa gereji akapiga.

"Mama, gari limelala porini, dereva wa lori jingine kaniletea habari. Kuna mtu kaumia."

"Nani?"

"Yule dada mpishi. Kavunjika mkono."

"Mungu ashukuriwe!" nikasema kwa sauti.

"Mama!" fundi akashtuka. Ndipo nami nikajisikia nilivyosema. Mpishi naye ana mama.

Pale gereji mwanangu wanamwita Bwana Upepo. Hawashi gari kabla hajalizunguka na kipande cha nondo, akigonga tairi moja moja na kutega sikio. Husema tairi lililoshiba hulia kama ngoma, lenye njaa hulia kama gunia. Hata baiskeli ya mdogo wake huigonga kabla hajaipanda, nasi humcheka. Wakifika penye mchanga hupunguza upepo ili matairi yatanuke, yasizame. Wakitoka mchangani, kabla ya kukanyaga njia ngumu, huvuta mpira wa pampu kutoka kwenye injini akayajaza tena. Ni kazi ya kuchosha, na abiria husimama juani wakimngoja. Hajawahi kuiruka. Nilikuwa nikijivuna kwa hilo hadi majirani wakanichoka.

Alirudi siku ya pili, shati lake jeusi kwa vumbi la mpira. Chakula nilichompa alikigeuza tu kwa kijiko. Nikamuuliza kilichotokea, naye akasimulia akiitazama meza.

Tairi la akiba lilikwishatumika mwanzoni mwa safari, baada ya jiwe kulichana jingine. Kwa hiyo walikuwa hawana la ziada. Walipotoka mchangani akashuka na mpira wa pampu kama kawaida yake. Abiria mmoja akamtania, "Bwana Upepo, unatujaza na sisi? Tutafika tukiwa maputo!" Lori zima likacheka. Walikuwa wamemtania hivyo safari nzima, na siku hiyo utani ukamchoma. Akaukunja mpira, akapanda.

Mpishi alikuwa amekaa nyuma yake. "Kaka, jaza kwanza. Hapa mbele ni mawe matupu."

"Wewe tazama sufuria zako," akamjibu, mbele ya watu wote.

Tairi laini kwenye njia ngumu hujikunja na kuchemka. Gari lilikuwa limekolea mwendo tairi la nyuma lilipopasuka. Lori likayumba, likaingia mtaroni, sanduku la vyombo likakatika kamba na kumwangukia mpishi mkononi. Wakamfunga mkono kwa vijiti na kitambaa. Lile tairi wakalishona kwa waya, wakalijaza majani makavu mpaka likakaza, wakaja nalo polepole kama wanaosindikiza maiti.

"Njia nzima yule dada hakunisemesha, mama. Angenitukana ningepumua."

Nikamwongezea chai ambayo hakuiomba.

Kesho yake mtaani wakaanza. Jirani yangu wa ukuta mmoja alinikuta nikianika nguo. "Eti Bwana Upepo kaishiwa upepo?" akauliza, midomo ikimcheza. Nikasema jambo ambalo mwanangu hakuniambia, wala halikuwapo: kwamba mpishi alisimama kugawa chai gari likitembea, na kwamba tairi lilichomwa na msumari. Lilinitoka laini kabisa. Jirani akaitikia, "Loo, kumbe!" akaenda zake upesi, nami nikabaki na kibanio cha nguo mkononi. Nilijua anaenda wapi. Anaenda kila mahali.

Jumapili mwanangu akavaa shati safi. "Naenda kumwomba radhi."

"Nakusindikiza," nikasema. Nilidhani nikiwapo mimi, mtu mzima, watanionea haya wasimfokee. Na nilitaka kusikia kama lile neno langu limefika.

Mpishi anakaa na mama yake kwenye nyumba ya uani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwanangu akagonga.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mpishi.

"Mimi."

"Mimi hana jina?"

"Dereva. Nimekuja kukuomba radhi, dada. Uliniambia, nikakujibu vibaya mbele za watu."

Mama wa mpishi akafungua kidogo, akasimama katikati ya mlango. Ni wa rika langu, kanga kiunoni, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa akimfulia binti asiyeweza kufua. Nikamwamkia, "Habari za hapa, mwenzangu." Akalifuta povu kwenye kanga.

"Binti yangu alikuwa amekaa," akasema, akinitazama mimi. "Amekaa kitini, kimya. Nasikia huko kwenu alikuwa anagawa chai."

Mwanangu akageuka. "Chai gani, mama?"

Alinitazama mpaka akaelewa, nami nikaona uso wake ukibadilika, kwanza masikio, kisha shingo.

"Kijana, ingia," yule mama akasema. "Wewe umekuja na kosa lako mkononi. Mwenzangu, neno lako kalimalize kule ulikolianzia."

Mwanangu akavua viatu, akapita pembeni yake bila kunigeukia tena. Mlango ukarudishwa taratibu, bila kishindo, na komeo likaingia mahali pake. Nikabaki uani na viatu vyake.